Umeme Unaopotelea Kwenye Vali: Kisa cha Mtambo wa Toronto

Oktoba 2008 kampuni ya kusambaza gesi ya Enbridge ilizindua mtambo wa umeme wa megawati 2.2 kwenye makao yake makuu jijini Toronto, Kanada. Kwa jimbo la Ontario, lenye vinu vya nyuklia vya maelfu ya megawati, huo ni umeme kidogo mno. Hata hivyo watu wa gesi wa nchi nyingi waliufuatilia kwa karibu kwa sababu ya jinsi ulivyopangwa. Megawati 1.2 zilitoka kwenye seli za mafuta, mashine zinazogeuza gesi kuwa umeme bila kuiunguza kwa moto, zilizotengenezwa na FuelCell Energy ya Connecticut, Marekani. Megawati 1 iliyobaki ilitoka kwenye gesi iliyokuwa inapita zake kwenda majumbani. Gesi hiyo haikuchomwa. Iliingia kwenye turbini ikiwa na mgandamizo mkubwa, ikatoka na mgandamizo mdogo, kiasi kilekile, kisha ikaendelea na safari yake hadi kwenye majiko na matanuri ya kupasha nyumba.

Miradi ya namna hii hunadiwa kama umeme wa bure. Nimeufuatilia huu wa Toronto kwa muda, na ninachokiona ni kwamba turbini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi iko kwenye joto: linatoka wapi, nani analilipia, na je, lipo saa ileile gesi inapopita kwa wingi? Wahandisi wa Toronto walijibu maswali hayo kwa ustadi. Lakini jibu lao liliifunga turbini ya bei nafuu kwenye mashine ya bei kali, na hapo ndipo kisa kinapopata utamu wake.

Kelele na baridi

Gesi inayotumika Toronto husafiri mbali. Enzi zile sehemu kubwa ilitoka Alberta, magharibi mwa Kanada, kwa bomba la TransCanada lenye urefu wa maelfu ya kilomita. Nyingine ilihifadhiwa ardhini karibu na Dawn, kusini-magharibi mwa Ontario, ikisubiri majira ya baridi. Gesi haiendi umbali huo bila kubanwa. Njiani kuna vituo vya kompresa, vingi vikiendeshwa na turbini zinazokula sehemu ya gesi hiyohiyo inayosafirishwa. Ndani ya mabomba makuu mgandamizo huwa bar 40, bar 60, hata zaidi (bar moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa tunayoivuta), ilhali jiko la nyumbani linataka milibar ishirini hivi tu. Katikati ya hapo kuna ngazi kadhaa za kushusha: kituo cha mlango wa jiji, vituo vya mitaa, hadi kidude kilichofungwa kwenye ukuta wa kila nyumba.

Anayeingia kituo cha mlango wa jiji kwa mara ya kwanza hukutana na kelele kabla hajaona chochote cha maana. Ni mluzi mzito, usiokatika, wa gesi inayojipenyeza kwenye tundu dogo la vali kwa kasi inayokaribia ile ya sauti. Mita chache mbele bomba linatoka jasho. Baridi ikizidi, jasho hugeuka ukoko mweupe wa barafu. Vitu hivyo viwili, mluzi na ukoko, ndivyo vinavyoonyesha kwamba kuna nguvu imetumika na hakuna aliyeikamata. Kompresa za huko nyuma zilifanya kazi ya kuibana gesi. Vali inaiachia kazi hiyo iishie kwenye msukosuko na kelele.

Ubaridi wenyewe ulielezwa na James Joule na William Thomson katikati ya karne ya 19. Gesi asilia ikishushwa mgandamizo kwa vali hupoteza karibu nusu nyuzi joto kwa kila bar. Fundi baiskeli anaujua upepo huo wa baridi unaompiga vidole akiachia tairi. Kwenye kituo cha gesi athari yake ni mbaya zaidi. Maji machache yaliyobaki ndani ya gesi huungana na methani na kufanya chembe zinazofanana na barafu, na chembe hizo hujitengeneza hata joto likiwa juu ya sifuri. Zikiziba vibomba vidogo vinavyoongoza vali, mtaa mzima unaweza kukosa gesi. Bomba likiwa chini ya sifuri kwa wiki nyingi, udongo unaolizunguka huganda, hufura na kuinua barabara.

Kwa hiyo vituo vingi vya nchi za baridi vina boila. Sehemu ndogo ya gesi huchomwa ili kuipasha gesi yote kabla haijafika kwenye vali. Wanaosema vali ni njia isiyogharimu kitu husahau hilo. Kituo kisichozalisha hata wati moja kinachoma gesi usiku na mchana kupambana na baridi kilichoileta chenyewe.

Joto ndilo linalogeuka umeme

Wazo la kuweka turbini mahali pa vali si la Toronto. San Diego Gas and Electric, huko California, ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kufunga mashine kama hiyo kwenye kituo cha kushusha mgandamizo, mwaka 1983, na Ulaya nazo zipo. Watu wa kazi huiita ekspanda. Gesi hupanuka ikipita kwenye mapanga yake, huyazungusha, mapanga huzungusha jenereta. Vali ya zamani haiondolewi. Inabaki sambamba na ekspanda, tayari kupokea mzigo wote mashine ikisimama, maana mteja wa gesi hana habari na jenereta ya mtu.

Sasa tazama hesabu, maana bila hiyo kisa cha Toronto hakieleweki. Tuchukue kituo cha mfano kinachopitisha kilo 10 za gesi kwa sekunde, sawa na futi za ujazo milioni 45 hivi kwa siku, kutoka bar 40 hadi bar 10. Gesi inafika ikiwa na nyuzi 7, na tunataka itoke na nyuzi 5.

Kwa vali, gesi itapoa nyuzi 13 hivi. Inatosha kuipasha hadi nyuzi 18 kabla ya kuingia, kazi ya kilowati 250 za joto. Boila ndogo.

Kwa ekspanda mambo ni mengine. Gesi inayofanya kazi ya kuzungusha mapanga inatoa nishati yake kwelikweli, na inapoa mara nne au tano zaidi ya ile ya vali. Ukiiingiza ikiwa na nyuzi 7 zake itatoka ikiwa takriban nyuzi 60 chini ya sifuri, baridi ambayo chuma cha kawaida cha bomba hakikutengenezwa kuivumilia. Ili itoke na nyuzi 5 lazima uipashe hadi kati ya nyuzi 85 na 90. Hiyo ni kazi ya joto la karibu megawati 1.9. Ekspanda nayo itatoa, kwenye mhimili wake, karibu megawati 1.7.

Linganisha: joto limeongezeka kutoka megawati 0.25 hadi 1.9, na kazi iliyopatikana ni 1.7. Joto la ziada na kazi iliyotoka vinakaribiana kabisa. Hii si bahati ya namba nilizochagua. Gesi ikiingia na kutoka kituoni na joto lilelile, iwe imepita kwenye vali au kwenye ekspanda, basi kila kilowati iliyotoka kwenye mhimili lazima iwe imeingizwa na mtu kama joto. Mgandamizo ndio unaowezesha joto hilo kugeuka kazi karibu lote, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani. Kituo bora kabisa cha umeme wa gesi, chenye turbini ya gesi na ya mvuke kwa pamoja, hugeuza asilimia 60 na kidogo ya nishati ya mafuta kuwa umeme. Ekspanda yetu, hata tukiipasha kwa boila ya kawaida yenye ufanisi wa asilimia 90 na kutoa hasara za gia na jenereta, inageuza karibu asilimia 85 ya gesi ya ziada tuliyochoma. Inawezekana kwa sababu gharama ya kubana gesi ilishalipwa kule kwenye kompresa, na mteja wa mwisho ameshaiona kwenye bili yake.

Kwa hiyo ni umeme mzuri sana, wenye bei yake. Anayekuja na mradi wa ekspanda bila mstari wa gharama ya joto kwenye jedwali lake arudishwe akaumalizie.

Toronto walifanyaje

Ontario ya miaka ile ilikuwa na kiu ya umeme wa karibu. Agosti 2003 hitilafu iliyoanzia Ohio iliwaacha gizani watu wapatao milioni 50 wa kaskazini-mashariki mwa Marekani na Ontario yenyewe. Serikali ya jimbo ilikuwa imeahidi kuachana na makaa ya mawe, ahadi iliyokamilika kituo cha Thunder Bay kilipoacha kuyachoma Aprili 2014. Mtambo mdogo, msafi, uliopo katikati ya watumiaji, ulikuwa na soko la kisiasa.

Enbridge ilikuwa na gesi, ilikuwa na kituo cha kushusha mgandamizo, na ilikuwa na ardhi. Kilichokosekana kilikuwa joto lisilotoka kwenye boila. FuelCell Energy walikuwa nalo. Seli zao hugeuza gesi asilia kuwa umeme bila kuiunguza kwa moto: gesi huvunjwa kuwa haidrojeni, na haidrojeni hukutana na kabonati iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 650 hivi. Karibu asilimia 47 ya nishati ya gesi hutoka kama umeme. Nyingine hutoka kama joto, na hewa inayotoka kwenye seli ina moto wa kutosha kupasha gesi ya kituo. Mtengenezaji aliipa bidhaa hiyo jina la DFC-ERG, na Toronto ikawa mahali pa kuionyesha dunia.

Kwenye karatasi hakuna kinachopotea. Seli inatafuta mtu wa kulichukua joto lake, ekspanda inatafuta joto, na vyote viwili viko kwenye kiwanja kimoja na vinauza kwenye gridi moja.

Mtambo ulitangazwa kwa ufanisi wa wastani wa takriban asilimia 60. Hiyo ni namba nzuri ya kuuzia, na pia inaeleza mengi zaidi ya ilivyokusudiwa. Seli ya megawati 1.2 yenye ufanisi wa asilimia 47 inakula gesi ya megawati 2.55. Ekspanda ikifanya kazi yote, jumla ni megawati 2.2, na ukigawanya kwa 2.55 unapata asilimia 86. Ekspanda ikisimama kabisa unabaki na 47. Ili wastani wa mwaka uwe asilimia 60, jumla ya wastani inatakiwa kuwa megawati 1.53, yaani ekspanda iwe inatoa kilowati 330 hivi. Mashine ya megawati moja inafanya theluthi ya kazi yake! Na hapo sijahesabu gesi ya boila ya siku za baridi kali.

Sababu haijajificha. Gesi ya Toronto ni ya kupasha nyumba. Januari inatiririka kwa nguvu zote. Julai wateja wanapika na kuchemsha maji tu. Ekspanda haina la kufanya juu ya hilo. Inapokea kinachopita, na kikipungua sana chini ya kipimo chake inazimwa na vali inarudi kazini. Mhandisi anayechagua ukubwa wa mashine ana njia panda. Akichagua kwa mtiririko wa Januari, mashine inalala miezi mingi. Akichagua kwa mtiririko wa Julai, inafanya kazi mwaka mzima lakini sehemu kubwa ya gesi ya Januari inapitia kwenye vali ikipiga mluzi wake. Binafsi ningeegemea upande wa Julai, nikaongeza kidogo. Mashine ndogo isiyosimama hurudisha fedha yake kabla ya kubwa inayosubiri msimu, na hata mafundi huizoea.

Kuna jambo la pili ambalo naona halikupewa uzito. Seli ya kabonati haitaki kuyumbishwa. Kuiwasha na kuizima kunaichosha, kwa hiyo huendeshwa kwa mzigo uleule usiku na mchana. Joto lake kwa hiyo ni lilelile Januari na Julai. Mahitaji ya ekspanda yanapanda na kushuka na msimu. Kwa seli ya Toronto, gesi ya megawati 2.55 ikishatoa umeme wa 1.2 inabaki megawati 1.35, na si yote inayoweza kukamatwa. Kiasi kinakwenda na hewa ya bomba la moshi. Ekspanda ikiwa kwenye megawati yake kamili inahitaji zaidi kidogo ya megawati moja ya joto. Yaani siku ya baridi kali seli peke yake inahangaika kutosheleza na boila inabidi isaidie, na siku ya kiangazi joto la seli linatupwa hewani kwa kukosa mpokeaji. Wamefunga ndoa, lakini mmoja anakesha na mwingine anafanya kazi kwa msimu.

Fedha

Seli za aina hii zilikuwa ghali, na kiini chake huchoka. Kwa teknolojia ya wakati ule, baada ya miaka mitano hivi matabaka ya seli yalihitaji kubadilishwa, gharama ambayo ekspanda haina. Turbini ndogo ya gesi safi na kavu, ikitunzwa, hudumu miongo. Ukiziweka kwenye mkataba mmoja, mashine ya kudumu inabeba hatima ya mashine inayochakaa. Siku mwenye mali anapopiga hesabu ya kubadilisha seli au kuachana nazo, anaamua pia kuhusu ekspanda, hata kama ekspanda yenyewe haina kosa.

Wakati nao haukusaidia. Julai 2008, miezi michache kabla ya uzinduzi, bei ya gesi kwenye soko la Henry Hub, Marekani, ilivuka dola 13 kwa kila BTU milioni moja, kipimo cha nishati kinachotumika kuuzia gesi. Septemba 2009 ilikuwa imeporomoka chini ya dola 3, kwa mdororo wa uchumi na gesi ya miamba iliyoanza kumiminika Marekani. Mtu anaweza kudhani mtambo unaokula gesi hufurahia gesi rahisi. Lakini uzuri wa mtambo huu ulikuwa kubana matumizi, na mashine ya kubana matumizi hulipa pale mafuta yanapokuwa ghali. Gesi ikiwa rahisi, jirani mwenye turbini ya kawaida isiyo na makuu anauza umeme kwa bei ambayo wewe huwezi kuifikia.

Mwaka huohuo wa 2009 Ontario ilipitisha sheria ya nishati ya kijani na kuweka bei maalumu za kununulia umeme wa upepo, jua, maji, biogesi na taka za mimea. Umeme wa mgandamizo wa gesi haukuwa kwenye orodha. Naelewa kwa nini, maana gesi ni gesi. Ila matokeo yake ni kwamba paneli ya jua ilipewa bei ya kuiwezesha kusimama, na ekspanda, iliyokuwa ikitoa umeme bila kuchoma gesi ya mteja, ikaachwa ijitegemee. Muundo wa Toronto haukuenea kama waliouzindua walivyotarajia.

London walijaribu kuikwepa gharama ya seli kwa njia nyingine. Blue-NG, ubia wa National Grid na kampuni ya 2OC, ilipanga mitambo Beckton na Southall ambamo gesi ingepashwa na joto la injini zinazochoma mafuta ya mimea. Kwa hesabu za mgandamizo mpango ulikuwa safi. Southall wakazi waliupinga: kwa nini injini za mafuta zije kuchafua hewa ya mtaa wetu, na mafuta hayo ya mimea yanalimwa wapi? Hakuna aliyeandamana dhidi ya ekspanda. Ugomvi wote ulikuwa juu ya chanzo cha joto.

Ukiileta Dar es Salaam

Nimekutana na swali hili mara kadhaa kwa wasomaji wa Tanzania: bomba la Songo Songo lipo tangu 2004, la Mtwara tangu 2015, mbona hatufanyi haya? Jibu linategemea gesi inakwenda wapi.

Kinyerezi, penye vituo vya umeme wa gesi, si mahali pake. Turbini za kisasa za gesi, kama zile za Kinyerezi I, hubana hewa ndani yake kwa nguvu kubwa na zinahitaji gesi iingie ikiwa na zaidi ya bar 40. Mgandamizo wa bomba unatumika pale kwa kazi yenyewe. Kidogo kinachobaki hakitoshi kununulia ekspanda. Mtandao wa majumbani, Mikocheni na kwingineko, nao bado ni mwembamba mno.

Ubungo ni habari nyingine. TANESCO ina pale kituo cha megawati 102 chenye injini kumi na mbili za Wärtsilä, na Tegeta kingine cha megawati 45 cha aina hiyohiyo. Injini za namna hii zina mitungi kama ya gari, ila mikubwa, na gesi huingia ikiwa na bar tano hivi. Kwa hiyo kuna mgandamizo wa kushusha. Tuchukulie gesi inafika kituoni na bar 40. Injini za megawati 100 zinakula karibu kilo 5 za gesi kwa sekunde. Kwa ekspanda ya hatua mbili, gesi ikipashwa kabla ya kila hatua, unapata megawati moja na kidogo. Asilimia moja ya kituo.

Na joto? Maji yanayopooza injini hizo hutoka yakiwa na nyuzi 90 hivi, na kazi ya rejeta kubwa za nje ni kuyatupia joto hilo hewani. Megawati ishirini za joto zinatupwa, na ya kupashia gesi inatakiwa moja na nusu tu: hakuna mtu wa Toronto aliyewahi kuwa na bahati hiyo. Juu ya hayo udongo wa Dar es Salaam hauna baridi. Gesi inafika ikiwa na nyuzi 25 au zaidi, na hata vali ikiipoza haina haja ya boila. Tena injini zikiwaka gesi inapita na maji ni ya moto, zikizimwa vyote vinasimama pamoja. Joto na mtiririko vinakwenda saa moja, ile kasoro ya ndoa ya Toronto haipo.

Kinachoniogopesha kuhusu Ubungo ni saa za kazi. Mashine zote tisa za Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235 kila moja, zilikamilika mwaka 2025. Injini za gesi zimeanza kuwa za akiba, zinazoitwa maji yakipungua au jioni mahitaji yakipanda. Ekspanda ya megawati moja inayofanya kazi saa nne kwa siku ni pambo.

Ndiyo maana mimi ningetazama Wazo Hill kwanza. Tawi la bomba la Songo Songo linafika kwenye kiwanda cha saruji tangu mwanzo. Tanuri la saruji likishawaka haliguswi kwa miezi, mchana na usiku, masika na kiangazi. Tanuri linalotoa tani milioni moja za klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, kwa mwaka kwa kutumia gesi peke yake linahitaji kilo 2 na kidogo za gesi kwa sekunde, bila kuyumba. Kutoka bar 40 hadi bar 5 au 6 hizo ni karibu nusu megawati. Joto la kupashia limejaa pale; klinka inatoka tanuruni ikiwa nyekundu na lazima ipozwe kwa hewa kabla ya kusagwa. Umeme wenyewe hauhitaji kupita kwenye gridi wala kusubiri mkataba wa bei, unaishia kwenye vinu vya kusagia vilivyo umbali wa mita chache, vikiwa na njaa ya megawati kumi na zaidi.

Anayetaka kulipeleka wazo hili mbele aanze na vitu vitatu ambavyo kila kituo cha gesi kinavirekodi: mgandamizo wa kuingia kwa kila saa ya mwaka mzima, mtiririko kwa kila saa, na idadi ya siku ambazo tanuri lilizimwa kwa matengenezo. Mgandamizo wa kuingia ndio wa kuuliza kwa makini zaidi, maana bomba likizidiwa na wateja huo hushuka, na mahesabu yangu yote ya bar 40 yanashuka nao.